Mahabusu anayetaka kujiua: atengwe au akae na wenzake?

Mahabusu akisema amechoka kuishi, jibu la haraka ni kumtoa bwenini akakae selo ya peke yake. Hoja ya askari ina uzito: usiku wako wachache, bweni limejaa, na selo ya mtu mmoja hukagulika kwa dakika chache. Tena si haki kumkesheza mahabusu mwingine, mwenye kesi yake, amlinde mwenzake.

Lakini selo ile humwondolea mtu vitu pamoja na watu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 kuhusu kuzuia kujiua magerezani unaonya kwamba kutengwa huongeza hatari. Aliye hatarini kabisa anahitaji jicho muda wote. Anayetiliwa shaka tu, zisipite dakika 15 bila kuonwa. Kama hakuna askari wa kukaa mlangoni, bora abaki bwenini na wenzake wawili anaowaamini, huku askari akibaki na wajibu wake.

Mambo huharibika zaidi zamu zinapopokezana. Askari wa mchana amemwona akigawa sabuni na shati lake, akarudisha ugali bila kuugusa. Asipoandika, wa usiku atamkuta "ametulia" na kumpita. Utulivu wa ghafla baada ya siku za majonzi ni dalili, si nafuu. Aulizwe waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Kinachomfunga mdomo ni sheria pia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Wanaokitetea wanasema kinalinda uhai. Kwa aliye ndani tayari, naona kinamfundisha kuficha, maana kusema ni kujiongezea shtaka. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao.

Huku kusini mwa Tanzania kuna umbali. Kesi ya mauaji haina dhamana, na ndugu wa Liwale au Newala hutafuta nauli kwanza ndipo afike Lindi au Mtwara mjini. Akifika, asiishie kuulizia kesi. Kama mahabusu alikuwa na kliniki hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi, karatasi ya dawa na vipimo vyake imfikie mganga wa gereza siku hiyohiyo, pamoja na habari ya jaribio lolote la nyuma. Dawa zikikatika ghafla kwa sababu ya kukamatwa, ugonjwa unaweza kurudi kabla kesi haijatajwa mara ya pili.