Nani Amlipie Ada Fundi wa Sola?

Kila bajeti ya mafunzo ya nishati jadidifu inapojadiliwa, hoja moja haikosekani: kampuni za sola na upepo zinafanya biashara na zinapata faida, basi zijifundishie mafundi wao. Kwa nini mlipakodi ambaye pengine hana hata paneli moja amlipie ada kijana atakayekwenda kumtajirisha mfanyabiashara? Swali hili ni halali, na wanaolipuuza hawawatendei haki wanaoliuliza. Kasoro yake ni kudhani kwamba anayenufaika na fundi hodari ni mwajiri wake, na anayeumia kwa fundi mbovu ni mwajiri huyohuyo.

Chukua waya mmoja tu. Mfumo ni mdogo, wa volti 12. Kidhibiti chaji, kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, kimefungwa karibu na paneli, betri iko mita 10 kutoka hapo, mkondo ni ampea 10. Fundi ambaye hakufundishwa kukokotoa upotevu wa volti atavuta waya wa milimita 2.5 za mraba, kwa kuwa ndio aliouzoea kwenye soketi za nyumbani na kwa ampea 10 haupati moto. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabia ni mita 20. Zidisha 0.0175, ambayo ni ukinzani kwa omu wa mita moja ya waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, kwa 20, kisha gawanya kwa 2.5: unapata omu 0.14. Kwa ampea 10, volti 1.4 zinaishia njiani. Kwenye nyaya za volti 230 usingeshtuka. Hapa ni zaidi ya asilimia 11.

Kinachofuata hakionekani kwa macho. Kidhibiti kinasoma volti 14.4 kwenye skrubu zake, kinaamini betri ya asidi imefika kiwango chake, na kinaanza kubana mkondo. Kumbe betri yenyewe inapata 13.0. Ni kweli kwamba mkondo ukipungua upotevu nao hupungua, na kwa saa za kutosha betri ingejaa. Lakini jua linatua kabla. Siku baada ya siku betri inalala haijajaa, fuwele za salfeti zinagandamana kwenye sahani zake za risasi, na betri iliyotarajiwa kudumu miaka kadhaa inachoka mapema. Waya wa milimita 10 za mraba ungeshusha upotevu hadi volti 0.35. Lipo hata suluhisho lisilohitaji kununua waya mnene: sogeza kidhibiti, kifunge kando ya betri, waya mrefu ubaki upande wa paneli. Paneli ya kuchaji betri ya volti 12 hutoa takriban volti 18 inapofanya kazi vizuri, hivyo upande huo una akiba ya kumeza upotevu. Vifaa ni vilevile, paa ni lilelile, na kilichokosekana ni ujuzi unaofundishika ndani ya siku moja.

Sasa tuulize nani alilipia kosa hilo. Fundi alishapokea ujira wake siku ya kukabidhi kazi. Muuza betri anauza nyingine. Mwenye nyumba ndiye anayelipa, na hana namna ya kujua kwamba tatizo ni waya. Anachosema ni kwamba sola haifai, na wanaomsikia wanaahirisha kununua. Soko linalotegemewa limwadhibu fundi mbovu halijui hata kama amekosea. Na pale ambapo paneli na betri vilinunuliwa kwa ruzuku, mlipakodi aliyekataa kulipia mafunzo amekwishalipia betri iliyokufa.

Mfano wa Australia unauma zaidi. Mwaka 2009 serikali ya huko ilitoa ruzuku kubwa ya kuweka vihami joto kwenye dari za nyumba, ili kuchangamsha uchumi na kupunguza matumizi ya nishati. Haikuwa sola, lakini mpangilio wa fedha ni ule ule tunaouona kwenye sola: vifaa na ufungaji mbele, mafunzo nyuma. Vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikufa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto kali la darini. Katika baadhi ya vifo hivyo, karatasi ya alumini iliyotumika kama kihami ilipigiliwa kwa pini za chuma, pini zikatoboa nyaya zenye umeme, na dari nzima ikawa mtego. Mpango ulisitishwa Februari 2010, na mwaka 2014 tume ya kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, ilikuwa bado inauchunguza. Fedha za umma zilikuwepo. Hazikumfikia aliyepanda darini kwa njia ya ujuzi.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya faida. Mchumi Gary Becker alieleza mwaka 1964 kwamba ujuzi unaotumika popote humnufaisha aliye nao, kwa kuwa anaweza kuuhamishia kwa mwajiri mwingine na kulipwa zaidi. Basi ni haki naye achangie gharama. Hoja hiyo hiyo lakini inaeleza kwa nini mwajiri anasita: akimfundisha fundi leo, mshindani anamchukua kesho. Kampuni hufundisha bidhaa yake, kitufe gani ubonyeze kwenye inveta yake (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi za nyumbani), na huishia hapo. Hesabu ya waya haina chapa, ndiyo maana haina mwenyewe.

Wengine wanasema tusianzishe kozi za sola kabisa, tuimarishe ufundi umeme. Kwa kiasi kikubwa wana haki. Anayeanzia sola bila msingi wa umeme hujifunza kufuata mchoro, na mchoro ukibadilika anakwama. Hata hivyo fundi umeme mzoefu naye ana makosa yake, yanayotokana na uzoefu wenyewe. Anafunga swichi ya kinga ya AC (umeme unaogeuza mwelekeo, kama wa soketi za nyumbani) kwenye waya wa DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa paneli na betri). Umeme wa AC wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayoruka swichi inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. Cheche ya DC haipati nafasi hiyo, na swichi inaweza kuungua ikiwa mkononi mwake. Au anaunganisha viunganishi vya watengenezaji wawili tofauti kwa sababu vimeingiana vizuri. Mguso wao si kamili, ukinzani unapanda, joto linapanda, na moto unaanzia darini mchana wa jua kali. Kwake yeye wiki chache za nyongeza zinatosha, lakini hizo wiki chache lazima ziwepo.

Pingamizi ninaloliona kali kuliko yote ni namna fedha zenyewe zinavyotumika. Chuo kikilipwa kwa idadi ya walioandikishwa, kitaandikisha. Wanafunzi 40 watazunguka paneli moja, wawili wataishika, wote 40 watapata cheti. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilihesabu ajira milioni 7.3 za sekta hii mwaka 2012 na milioni 16.2 mwaka 2023. Takwimu hiyo hupenda kutajwa kuombea bajeti, lakini haisemi lolote kuhusu ubora wa kazi, na cheti cha wanafunzi 40 hakitausogeza ubora huo hata kidogo.

Kwa hiyo fedha ziende kwenye mikono. Wanafunzi wasizidi wanne kwa seti moja: paneli mbili, kidhibiti, betri, inveta, mita ya kubana waya ili kupima mkondo, inayosoma DC, na koleo halisi la kubania viunganishi badala ya plaizi. Paa la mazoezi lijengwe karibu na ardhi kabla ya mtu kupanda la kweli. Mifumo iharibiwe makusudi, nati ilegezwe, nyaya za chanya na hasi zigeuzwe, na mtihani uwe kutafuta kosa mbele ya mtahini asiyelipwa na chuo. Sehemu ya malipo ya chuo izuiliwe mwaka mzima, hadi kazi chache za wahitimu, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zikapimwe volti kwenye betri.

Kwamba inawezekana, Barefoot College ya Tilonia, Rajasthan, imeshaonyesha. Serikali ya India imewagharamia wanawake kutoka nchi nyingi, wengine wasiojua kusoma, wakae huko miezi sita wakijifunza kwa rangi, kwa ishara na kwa kushika vifaa, kisha warudi vijijini kwao kufunga na kutengeneza sola. Hakuna kampuni ambayo ingewalipia wanafunzi hao, na soko lisingewatafuta.

Mwajiri aachiwe gharama ya mazoezi ya kazini, kwani hapo anapata kazi ikifanyika. Umma ulipie karakana, mtihani na, kabla ya vyote viwili, mkufunzi. Betri za risasi zinapisha za lithiamu, ambazo hazitakiwi kupewa ile chaji kali ya kusawazisha waliyoizoea mafundi wa zamani, na mkufunzi aliyeondoka kwenye paa miaka kumi iliyopita ataendelea kuifundisha. Atengewe wiki kadhaa kila mwaka za kurudi kufunga mifumo na mafundi walio kazini, na mshahara wake uendelee akiwa huko.