Tafadhali, msiegemeze baiskeli kwenye kuta za magofu

Nimefurahi kuona makala yenu inahimiza watu kuzuru maeneo ya kihistoria kwa baiskeli, na vifaa mlivyotaja, pampu, viraka na tyubu ya akiba, vinatosha. Ila mmeruka jambo moja linaloniuma: ukishafika, baiskeli unaiegesha wapi?

Kuta nyingi za kale ni mawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa ni laini kuliko saruji. Ncha ya usukani ikikwaruza mara moja tu, unaona unga mweupe ukidondoka chini. Wakifanya hivyo watu mia, jiwe linaanza kucheza. Tumieni stendi, au ilazeni kwenye majani nje ya eneo, upande wa mnyororo ukiwa juu. Na msipite nayo juu ya makaburi wala misingi iliyobaki ardhini, shukeni muikokote.

Kuhusu kwenda mwendo wa polepole, nakubaliana nanyi kabisa. Kwa kilomita 15 kwa saa unaona vitu ambavyo basi linavipita: jiwe la kuonyesha umbali, kisima cha zamani, daraja la matao. Mlima unausikia kwenye mapaja, ndipo unapoelewa kwa nini ngome ilijengwa kule juu. Mimi napenda zaidi njia za reli zilizoachwa. Treni haziwezi miinuko mikali, kwa hiyo hata mtoto anazimudu.

Halafu pangeni kilomita 30 kwa siku, siyo 80. Mkifika hoi mtapiga picha langoni na kuondoka bila kusoma hata kibao kimoja cha maelezo.