Kosa la Piko, Lawama kwa Mhina

Harusi zikianza kuongozana baada ya Ramadhani, au watalii wakijaa ufukweni, haipiti muda kabla ya picha ileile kuzunguka kwenye simu: mkono uliovimba, malengelenge yamefuata maua yaliyochorwa, jani kwa jani. Chini yake pameandikwa kuwa hina imemchoma. Wapo wanaotaka wachoraji wa ufukweni wafukuzwe. Wengine hujibu kuwa bibi zetu walipaka maisha yao yote na hakuna aliyedhurika, basi watu waachiwe mila zao. Wote wana ukweli fulani, ila wanabishania vitu viwili vilivyopewa jina moja.

Mhina wenyewe hauna makuu. Ni kichaka cha kandokando ya mito, hasa ile ya nchi kavu inayofurika mvua ikinyesha kisha ikabaki mchanga. Majani yake ni madogo, yamekaa mawiliwili, matawi yakizeeka ncha zake huwa miba, na maua yake hunukia hata kabla hujauona mti ulipo. Mijini tunaupanda uani au tunaufanya ua wa nyumba. Mti wake mgumu hufaa kwa mipini. Majani yaliyopondwa hupakwa kwenye nyayo zilizopasuka na miguu inayowaka moto, na wazee hutia ndevu zenye mvi.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ni rangi, na rangi hiyo haina haraka. Majani hukaushwa kivulini, hutwangwa, hupepetwa kwa kitambaa chepesi, hukandwa kwa ndimu na chai kali, kisha huachwa. Kitu kinachotia rangi, losoni, ni kama asilimia 1 au 2 tu ya jani kavu, na lazima kipewe muda kishikamane na ngozi. Ndiyo maana bi harusi hukaa saa kadhaa miguu juu ya mto, akilishwa kwa mkono wa somo au shangazi kwa kuwa mikono yake haigusi kitu. Akibandua asubuhi, rangi ni ya chungwa, na asiyejua huingiwa na hofu kuwa haikushika. Siku ya pili ndipo hukolea, na viganja na nyayo, penye ngozi nene, hupita kote. Lakini nyeusi tititi haiwi. Jani la mhina halina weusi huo.

Weusi ni wa piko. Piko ni rangi ya nywele, na kiungo chake kikuu ni kemikali iitwayo PPD. Sheria za Ulaya zinairuhusu kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2 inapopakwa, na haziruhusu ichorwe kwenye ngozi. Maboksi mengi yenyewe yanamtaka mtumiaji aijaribu kwanza kwa saa 48. Nani hufanya hivyo usiku wa kuamkia harusi?

Wanaoitetea nao wana hoja. Kwenye ngozi nyeusi ua la piko husomeka hata kwa mbali, wakati hina hufifia mgongoni mwa mkono. Nusu saa imekauka, na mchoraji mwenye foleni anahesabu vichwa, na vichwa hivyo ndivyo karo ya watoto. Zaidi ya hapo, hina nyekundu iliyozungushiwa mstari mweusi wa piko imekuwa sura ya bi harusi wa pwani, na kumwambia aache mstari ule ni kumwambia aolewe nusu. Dukani nayo inauzwa wazi.

Hoja yao moja ndiyo inayonisumbua: ukimuuliza mchoraji, atakuambia amechora watu wasiohesabika na hajamwona aliyeungua. Hasemi uongo. Anayepakwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki moja, mbili, hata tatu kabla ngozi haijalipuka. Wakati huo mtalii amesharudi kwao, na bi harusi amemaliza fungate. Hakuna anayerudi kumwonyesha mchoraji mkono. Idadi anayoijua yeye ni ya waliolipa na kuondoka wakicheka, wala haiwezi kuwa nyingine. Mwili ukishaikataa PPD, huikataa kwa kawaida maisha yote. Mtoto aliyechorwa Sikukuu akiwa na miaka tisa atakuja kuficha mvi akiwa na hamsini, uso uvimbe macho yasifunguke, na hatakumbuka ile Sikukuu. Wengine huanza kuwashwa hata na rangi za nguo.

Kwa haki, hina safi nayo ina doa lake. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni katika nchi za malaria kama zetu, losoni inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, na hospitali zimeshawapokea watoto wa namna hiyo. Kumpaka kichanga kwa baraka ni desturi ambayo mimi ningeiacha. Hapo "bibi zetu hawakudhurika" haitoshi.

Desemba 2024 UNESCO iliingiza mila za hina katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu, Oman ikiwemo. Kenya na Tanzania hazimo. Iwapo siku moja tutaomba tuongezwe, sijui tutapeleka unga wa majani au boksi la dukani.

Kufukuza wachoraji siungi mkono. Watahamia barazani na wateja watawafuata. Ninachotaka ni kidogo zaidi: piko iitwe piko mbele ya mteja, na watoto wasichorwe. Na mteja naye, kabla hajanyoosha mkono, aulize atakaa nayo muda gani. Akiambiwa nusu saa, ameshajua imetoka boksi gani. Akiambiwa alale nayo, atafute shuka la zamani.