Msichana wa jiwe na bibi wa Jeju

Kisiwa cha Jeju, kusini mwa Korea, kilizaliwa na volkano. Kwa jiwe lake jeusi lenye vitundu walichongwa dol hareubang, "mababu wa mawe", waliowekwa malangoni kulinda miji tangu karne ya 18. Siku hizi, ukifuata pwani, utakuta jiwe hilohilo limechongwa sanamu za haenyeo, wanawake wapiga mbizi, na boya lao la tewak. Je, sanamu hizo zinawaenzi kweli?

Wanaozitetea sanamu hizi wana hoja nzito. Haenyeo huzama hadi mita 10 bila mtungi wa hewa, wakibana pumzi kama dakika moja, kutafuta abaloni na konokono wa bahari. Kwa mavuno hayo wamelisha nyumba zao. Mwaka 1932, haenyeo wa Hado na vijiji jirani waliandamana hadi sokoni Sehwa kupinga chama kilichowapunja bei chini ya wakoloni wa Kijapani. Wanawake wa namna hii kupewa jiwe la mababu ni haki iliyochelewa.

Lakini itazame sanamu yenyewe. Mara nyingi ni msichana mwembamba aliyevaa mulsojungi, vazi la pamba lililoachwa suti za mpira zilipoingia miaka ya 1970. Haenyeo wa leo, wengi wao, wamevuka miaka 60, na wapo wanaomeza dawa ya kichwa kabla ya kuingia majini. Miaka ya 1960 walizidi 20,000. Sasa hawafiki 3,000. Msichana wa jiwe anamficha bibi huyo, na hilo linaniuma.

Siungi mkono kuziondoa. Ila jiwe linalowaenzi kweli, kwangu mimi, ni bulteok: ukuta mfupi wa mviringo, moto katikati. Humo walibadili nguo, wakaota moto, wanagenzi wakawasikiliza sanggun, wapiga mbizi wa daraja la juu, na mambo ya bahari yakaamuliwa kwa pamoja. UNESCO ilipouorodhesha utamaduni wao mwaka 2016, ilienzi maarifa hayo yanayorithishwa. Bulteok nyingi zimebaki tupu tangu vijengwe vyumba vyenye maji moto, na bibi wa miaka 70 anayastahili maji hayo. Basi kabla ya kuagizwa sanamu nyingine, kuta hizo zikarabatiwe, na sanggun alipwe aketi humo na wasichana wanaotaka kujifunza.