Muacheni mtoto aulize subira inaishia wapi

Juzi binti wa jirani hapa Wete, Pemba, yuko Fomu Thrii, kaniletea insha yake ya Kiswahili niisome. Mada "Subira", kapata sita juu ya ishirini na chini kaandikiwa kwa peni nyekundu "Umetoka nje ya mada, hukutoa maana". Nimeisoma mara mbili na mpaka sasa roho inaniuma. Mtoto kaandika habari za mama yake anaelima mwani, anafunga mbegu kwenye kamba, maji yakipata moto mwani unaoza unakatika, bamvua likija anashuka tena pwani na vigingi vyake anaanza upya. Halafu akauliza: "Mama hana kazi nyengine. Mtu asiye na njia nyengine anasubiri au amekwama?"

Jamani, hilo swali ndo mada yenyewe.

Sote tunaijua insha inayopata maksi. Inaanza na "kwa mujibu wa kamusi", inafuata "wahenga walinena subira huvuta kheri", kisha faida za subira moja mbili tatu nne tano, kisha "kwa kumalizia natoa wito kwa jamii". Toa neno subira tia usafi au umoja, insha inabaki ile ile. Hamna pahala hata pamoja ambapo mtoto kafikiri. Haya, nakubali walimu wana madarasa yamejaa, madaftari yamepangwa mpaka kwenye kiti, na ule mtindo unamsaidia mtoto dhaifu angalau apate pasi. Lakini kumkata maksi aliyefikiri, hilo silikubali.

Maneno kama subira, heshima, haki, ushujaa, huwezi kuyamaliza kwa sentensi moja. Ukitaka kulijua neno unalipeleka mpaka kwenye mipaka yake, unatafuta kisa ambacho watu wawili wenye akili zao watagombana nacho, huyu anasema ni subira, yule anasema hapana huo ni woga, ule ni uvivu. Wala si fasheni mpya. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kaandika vipi mwalimu wake Socrates alivyowabana majemadari wawili, Laches na Nicias, wamwambie ushujaa ni nini. Laches akasema ni askari kubaki kwenye safu yake asikimbie. Socrates akamuuliza, na wale Waskithi wanaopigana huku wanarudi nyuma na farasi wao, sio mashujaa? Mazungumzo yakaisha jibu halijapatikana, na hao ni watu wa vita. Na kule Marekani, George Hillocks, mtaalamu wa kufundisha uandishi, na wenzake waliandika mwaka 1983 kuhusu kufundisha insha za namna hii: wanafunzi wapewe visa vidogo vidogo, wabishane kipi kinaingia kwenye neno na kipi hakiingii, watoe vigezo vyao wenyewe, ndo washike kalamu.

Lakini kwani lazima twende mbali? Watoto wetu wamepita chuo cha Kurani, Surat Yusuf wanaijua. Nabii Yaakub analetewa kanzu ya mwanawe imepakwa damu ya uongo, anasema "subira njema". Miaka inapita, anamsikitikia Yusuf mpaka macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni, wanawe wanamlaumu, anawajibu kuwa yeye anamshitakia Mwenyezi Mungu majonzi yake. Sasa waulize Fomu Thrii: huyu aliyehuzunika mpaka macho yakageuka, subira ilimtoka? Na Nabii Ayub tunaemtolea mfano kila msibani, si alimuita Mola wake akasema yamempata madhara? Kumbe mtu anaweza kulia na akawa na subira, anaweza kushitaki na akawa na subira, inategemea anamshitakia nani na anashitaki nini. Tayari mtoto ana aya mbili za insha ambazo hakuna kamusi ingempa, na kazitoa kwenye kitu alichokisikia tangu mdogo.

Kisha njoo kwenye visa vya hapa hapa. Mvuvi kaambiwa upepo mkali asitoke, siku ya tatu hiyo yuko nchi kavu na nyumbani hamna kitu. Mzee kakaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri, wenye kujuana wanapita mbele yake, yeye kanyamaza. Kijana kamaliza chuo kikuu anangoja ajira ya serikali na kazi ya hoteli kaikataa. Wote tunawaambia wasubiri. Ni subira moja?

Na kuna kisa hichi. Mwanamke kapigwa, karudi kwao uso umevimba, anapewa chai, anaambiwa "subiri mwanangu, ndo ndoa zilivyo", jioni anarudishwa. Nani kasema hiyo ni subira? Neno la kwenye Kitabu tumelifanya la kumnyamazishia mtu mwenye maumivu. Hawa wasichana tunaowasomesha leo, miaka michache tu na wao watakaa kwenye mkeka ule ule waambiwe maneno yale yale, na mimi nataka siku hiyo mmoja wao awe na la kujibu. Awe ameshakaa darasani akabishana na wenzake, anajua subira inaanzia wapi na inakwisha wapi, na anaweza kulieleza hilo mbele ya wazee wake kwa utulivu na kwa adabu. Kwa hilo peke yake insha ingestahiki vipindi vyote inavyopewa.

Wapo wanaosema watoto watakuwa wabishi. Nenda barazani jioni usikie wanavyoichambua penalti, kila mmoja na hoja yake na ushahidi wake kwenye simu. Uwezo wanao, tulichowanyima ni ruhusa ya kuutumia kwenye maneno tunayowaamrisha nayo kila siku, heshima, adabu, staha, subira.

Kwahiyo walimu, nawaomba, wiki ijayo wapeni mada ya heshima na maana msiandike ubaoni. Kila mmoja akamuulize bibi yake au babu yake: lini ulimheshimu mtu baadae ukajuta, na lini ulimpinga mkubwa wako na mpaka leo unaona ulifanya sawa. Waje na visa vyao wavibishanie kipindi kizima, na kisa kitakachowashinda wote, hicho ndo waanze nacho kuandika.