Klabu isikae mfukoni mwa mheshimiwa

Kila baada ya miaka 5, uchaguzi mkuu wa Uganda ukikaribia, vilabu vya soka vya mtaani hupata walezi wapya. Mheshimiwa huleta jezi zenye jina lake na mbuzi wa washindi. Msaada huo siupingi. Ninachopinga ni kumlipa kwa kiti cha uenyekiti, kwa sababu akiangushwa kwenye kura klabu hufa naye, na akishinda hana tena muda nayo.

Ubaya huanzia kwenye mambo madogo. Laini ya simu inayopokea michango imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwenyekiti. Nenosiri la kusajilia wachezaji mtandaoni analo yeye peke yake, na muhuri uko kabatini kwake. Mkikosana naye katikati ya msimu, ada ya marefa haipatikani na dirisha la usajili linafungwa mkitazama.

Kwa hiyo, akaunti iwe kwa jina la klabu. Watia saini wawe 3, na pesa isitoke bila saini 2, moja ikiwa ya mhazini. Mwenyekiti asishike pesa taslimu, hata za maji ya wachezaji. Kila miezi 3 mhazini asome hesabu mbele ya wanachama, taarifa ya benki ikiwa mezani. Katibu atunze daftari la wanachama na nenosiri, makamu awe na nakala. Nahodha naye apewe nafasi kwenye kamati, kwani ndiye anayejua nani hajalipwa nauli.

Uchaguzi wa klabu huharibika kabla ya siku yenyewe. Mgombea mwenye pesa hulipia ada watu 60 usiku wa kuamkia kura, na asubuhi wote ni wanachama. Funga daftari siku 30 kabla, na apige kura yule tu aliyelipa ada yake kwa miezi 6 mfululizo. Tena kura iwe ya siri. Julai 2018 tulichagua viongozi wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa kupanga mstari nyuma ya wagombea, mara ya kwanza tangu 2001. Utaratibu ule ni rahisi na hauna gharama, lakini kijana anayemtegemea mgombea kwa kibarua hawezi kusimama nyuma ya mpinzani wake akionekana na kijiji kizima.

Ukomo wa mihula uandikwe kwenye katiba, na usibadilishwe na kamati iliyo madarakani. Uganda iliondoa ukomo wa mihula ya rais mwaka 2005. FIFA, kwa upande wake, tangu 2016 inamruhusu rais wake mihula 3 tu ya miaka 4. Kwa klabu ya mtaa, mihula 2 ya miaka 2 inatosha kabisa.

Wapo wanaokimbilia kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, kamati ikiharibika. Katika soka njia hiyo ina hatari. Kenya ilifungiwa na FIFA kuanzia Februari hadi Novemba 2022 baada ya serikali kulivunja shirikisho lao, na wachezaji wasio na kosa ndio walioumia. Wanachama wawe na uwezo wao wenyewe: theluthi moja wakitia saini, mkutano maalumu uitishwe ndani ya siku 21.

Mheshimiwa abaki mlezi, bila kura na bila saini benki. Akikataa msaada kwa masharti hayo, mwacheni aende na jezi zake.