Samaki wa Dakika 15, Kwa Saa ya Nani?

Kuna binti mmoja huko mtandaoni, jina simjui na sitaki kumjua, kazi yake ni kupika chakula cha usiku kwa dakika 15. Kila akitokea ni dakika 15. Leo samaki wa asali, kesho kuku wa asali, nadhani kwao wanafuga nyuki. Anasimama jikoni kucha zinang'aa, vibakuli vishapangwa mstari, thomu ishatwangwa, tangawizi ishakwaruzwa, samaki kalala pale hana gamba hana mwiba hana kichwa, halafu ndo anabonyeza saa eti tunaanza. Sasa mie nauliza kwa heshima zote, huyo samaki kafika hapo kwa miguu?

Manake sisi watu wa Likoni saa ya samaki haianzii jikoni. Inaanzia ng'ambo ya pili ya feri, kisiwani Mombasa.

Mke wangu kanitumia hiyo video mchana niko kazini, hakuandika neno, kaweka tu kile kijiuso kinacholamba midomo. Ukishakaa kwenye ndoa unajua hiyo si video, hiyo ni amri. Basi jioni nikakata Mji wa Kale, nikashuka soko la samaki kule Bandari ya Zamani, na kwa bahati yangu huu ndo msimu wa kusi. Kusi likivuma, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, bahari nje ya mwamba inachafuka, mwenye ngalawa anakaa pwani anashona nyavu, wanaothubutu kutoka ni wenye boti za mashine, kwa hivyo hata samaki mdogo wa kukaanga anajidai. Kaskazi ndo raha, mwezi wa kumi na moja ukiingia bahari inatulia, samaki wanajaa na utaitwa wewe, ami njoo, ami chukua mafungu mawili. Kusi hakuna wa kukuita ami. Wewe ndo unamwita muuzaji bosi.

Binti wa video katumia samoni. Samoni wa kufugwa, Norwe huko kwenye baridi, ana mafuta mpaka kwenye fikra, huyo hata umsahau kwenye oveni mafuta yake yatamtetea. Sisi hapa tuna changu, tewa, kolekole, nguru. Nguru namheshimu sana lakini hana mafuta ya kuchezea, mpitishe moto kidogo tu unatafuna kadibodi. Nikaona bora tewa, nyama yake nene na ina unyevu. Nikamfunua mashavu, mekundu, jicho limetuna, nikabonyeza mnofu ukarudi, yaani nimetafuta kasoro ya kushushia bei nimekosa. Jamaa akataja bei. Nikamuuliza bosi, kwani bahari ni ya babako? Akanijibu bila hata kuinua macho, "Bahari ya Mungu, petroli ndo yangu."

Nikalipa. Nikamwambia anitolee mnofu mtupu, bila mwiba. Akasimamisha kisu. "Na kichwa?" Nikamwambia kichwa tia mfukoni, mie natafuta chakula cha kizungu lakini sijapata wazimu, kichwa cha tewa na mchuzi wa nazi ni kesi nyingine kabisa. Hapo bado foleni ya kupara magamba, na mbele yangu kuna kina mama wa shughuli wana karai zima.

Dakika 15 za binti zishaisha zamani na mie sijanusa jikoni.

Halafu asali. Asali mji huu ni mtihani, kila chupa imeandikwa halisi na kila muuzaji anaapa ni ya Kitui au Baringo, na kila mteja ana kipimo chake, huyu anachovya njiti ya kiberiti aone kama itawaka, yule anadondosha tone kwenye glasi ya maji. Vipimo hivyo vyote vinakuonyesha tu kama asali ni nzito au ina maji mengi, mtu akikuchemshia sukari ikawa nzito vizuri inafaulu mtihani na inapata A. Nikachukua chupa nikamuachia Mungu. Ndimu, tangawizi na thomu nikazipata sokoni Marikiti. Soya sosi nikapata chupa kubwa tu, ya kutosha mkahawa, na pishi lenyewe linataka vijiko vitatu.

Sasa panda feri na samaki wa barafu saa ya watu kutoka kazini. Barafu inayeyuka, mfuko unatiririka, jamaa wa viatu vya kung'aa ananitazama, mie natazama bahari natafakari. Lakini nafasi nilipata, sikatai. Watu wenyewe walinisogea.

Nyumbani nafika nakuta mke wangu kashavaa aproni na oveni haijafunguliwa. Na oveni ya kwetu, mnaielewa nyinyi, haijawahi kuwa oveni. Ni kabati. Mle ndani mna sinia tatu za futari, sufuria la pilau, chuma cha chapati, mfuniko ambao sufuria yake ilipotea tulipohama Majengo. Vitu vyote vikatoka vikapangwa sakafuni, jikoni hakuna pa kukanyaga. Kile kidude cha kuzungusha moto namba zake zishafutika, video inasema digrii 200, sisi tukazungusha mpaka pale moyo ulipotulia.

Mama mkwe yuko kwetu wiki hii. Kaketi kwenye kiti chake, anaangalia vitu vinavyoingia kwenye bakuli. Asali. Ndimu. Tangawizi. Thomu. Kanyamaza mpaka mwisho halafu kauliza kwa upole, "Baba, huyu samaki ana kikohozi?"

Nitajibu nini? Nimetazama lile bakuli, kweli, ukitoa soya sosi hiyo ni dawa aliyotunyweshea bibi sote. Kaendelea, yeye miaka yote hajaona samaki wa sukari, samaki ni chumvi na ndimu na pilipili, ukizidisha heshima unampaka tui na ukwaju. Mie moyoni nasema mama, wewe si ndo unachovya bajia kwenye chatne ya ukwaju iliyotiwa sukari mpaka inavutika? Na achari ya embe tamu unakula na nini, si na samaki wa kukaanga? Moyoni lakini. Mama mkwe hajibizwi, hasa akiwa bado hajasema anaondoka lini.

Tukamwagia samaki ile rojo, mke wangu anataka kuitia yote mara moja kama alivyoona. Kijana wangu wa kidato cha tatu, ambaye ada yake inaniua, kaja kuchungulia friji akatoa somo. Asali karibu yote ni sukari, asilimia kama 80 hivi, na sehemu kubwa ni ile sukari ya matunda, hiyo inaanza kubadilika rangi kwenye digrii kama 110, sukari ya chai inavumilia hadi 160 huko. Kwa hivyo kwenye 200 ukipaka yote mwanzo inaungua nje na samaki mbichi ndani. Paka kidogo kwanza, nyingine weka uje upake dakika za mwisho. Nikamtazama. Pesa ya ada kwa mara ya kwanza imenipa kitu cha kula.

Basi samaki kaingia. Oveni inanguruma, inavuta stima kama wati 2,000, nusu saa tu ushakula uniti nzima, na hapo hujahesabu ule muda wa kuipasha ikiwa tupu, ambao binti wa video hauhesabu pia, oveni yake inaamka ikiwa moto. Nimekaa naisikiliza tokeni ya stima ikikatika. Na kweli ikakatika. Giza.

Nunua tokeni kwa simu, pesa imetoka sekunde hiyo hiyo, ujumbe wa kutoa pesa umefika mbio na pole zake za salio. Ujumbe wa tokeni wenyewe, kimya. Niko nje kwenye mita, tochi ya simu mdomoni, mbu wananitambua kwa jina, nasubiri namba 20 za kubonyeza na jirani ananiuliza kwani mmepata msiba mbona moshi.

Moshi gani? Narudi ndani nakuta mama mkwe kawasha jiko la makaa. Hakuomba ruhusa. Kamtoa samaki kwenye trei, kamlaza kwenye sufuria bapa, kafunika, makaa kidogo chini na mengi kayapalia juu ya mfuniko, vile vile wanavyopika mkate wa mayai tangu hizo oveni hazijazaliwa. Kainua mfuniko kwa koleo, kapaka ile asali iliyobaki, karudisha. Hakutazama saa hata kidogo. Kanusa tu, kasema tayari.

Tokeni ikafika tunanawa mikono.

Na kusema haki, samaki alikuwa mtamu. Hicho ndo kinaniudhi. Juu kang'aa, kaiva rangi ya kahawia, tamu na chumvi zimeshikana, ndimu inakata utamu usizidi, mnofu unaachia wenyewe. Angekuwa mbaya mambo yangeishia hapo, tungerudi kwenye samaki wa kupaka tukaishi kwa amani. Mama mkwe kala kipande cha kwanza kasema "mmh", cha pili kasema kingekuwa na pilipili, cha tatu hakusema kitu, alikuwa na shughuli. Wali ulikuwa umepoa toka magharibi na hakuna aliyeujali. Saa nne kasorobo ya usiku, watoto wana shule.

Trei ya oveni imeloa kwenye sinki, asali iliyomwagikia imeganda jiwe, ile haitoki kwa sponji wala kwa dua. Kwenye video hakuna anayeosha, mshaona hilo? Samaki analiwa, muziki unapigwa, binti anapunga mkono, kwaheri. Trei anaosha nani huko?

Nikatoka chooni nakuta mke wangu kapiga picha kile kipande cha mwisho, kakiwekea jani la dania, kapandisha kwenye stetasi: "Dinner ya haraka, dakika 15 tu 😍". Nikamuuliza dakika 15 zipi? Kasema mume wangu, watu hawapendi hadithi ndefu.

Mashoga zake wote wanaomba pishi. Na shemeji yangu kajibu hapo hapo, Ijumaa anakuja na familia nzima, eti kwani si chakula cha haraka, msihangaike. Nshamwandikia. Aje na tewa wake, awe ashaparwa, na tokeni ya elfu moja.